Bati limegoma: tafuta kosa lilipoanzia kwenye bodi ya kagari ka porini unakojijengea nyumbani

Kabla hujalipiga nyundo hilo bati, subiri kwanza. Najua hasira zake, umekata tangu asubuhi, umekunja, umeleta kwenye chesesi halafu kipande kinakaa kama kofia ya kuazima, na mkono wenyewe tu unaenda kwenye nyundo. Mimi kagari kangu nimekajenga juu ya chesesi ya Suzuki SJ410, ile ya injini ya cc 970, bodi ilikuwa imeoza mpaka ukikaa unaona barabara inapita chini ya miguu, kwa hiyo sakafu, madigadi, dashibodi, ukuta wa injini, boksi la betri, vyote nimevitengeneza kwa bati, vingi mara mbili na kimoja mara nne.

Kitu nilichojifunza kwa kuharibu mali ni kwamba kosa halionekani pale lilipofanyika. Ulichokosea kwenye kupima unakuja kukiona kwenye kukunja, ulichokosea kwenye kukunja unakiona ukishachomelea, na ulichokosea kwenye kuchomelea utakiona kwenye ile barabara ya vumbi ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, ambako hakuna wa kukusaidia isipokuwa mbuzi. Kwa hiyo hapa chini nimeweka dalili, wewe tafuta inayofanana na yako halafu rudi nayo nyuma.

Vifaa vyangu ni vya kawaida tu: grenda ya inchi nne na nusu, drili, jiliwa, invata ya kuchomelea kwa vijiti, klempu kadhaa na engo laini (chuma cha umbo la L) mbili nene za kukunjia. Mwenye mashine ya kukunjia ya karakana ana raha zake lakini nae haya mengi yanamkuta.

"Nimepima vizuri kabisa ila kipande kimetoka kikubwa"

Hili ndilo lililoniumiza kichwa kuliko yote. Boksi la betri: upana wa nje nilitaka milimita 200, kuta mbili za 180 kila moja. Nikajumlisha 180 na 200 na 180 nikapata 560, nikakata, nikakunja, boksi likatoka na ziada ya kama milimita 5 na halikuingia pale lilipotakiwa kuingia. Nikarudia kupima na futi nyingine nikidhani ile ya kwanza ni mbovu.

Futi haina kosa. Bati likikunjwa, kona yake haitoki kali kama ya karatasi, inazunguka, na upande wa nje unavutika wakati wa ndani unabanwa, kwa hiyo ukijumlisha vipimo vya nje unakuwa umeihesabu kona mara mbili. Kwa chuma cha milimita 1.5 kikikunjwa digrii 90 na kona ya ndani ikiwa na mviringo unaokaribia unene wake, punguza kama milimita 2.7 kwa kila mkunjo, kwa cha milimita 2 punguza kama 3.6. Mikunjo yangu miwili ilidai 5.4 na ndio ile ziada.

Ila usinakili namba zangu, engo laini yako ina kona yake na nyundo yako ina mkono wake. Kata kipande chembamba cha bati lile lile chenye urefu wa milimita 100 kamili, kikunje katikati kwa vifaa vile vile, pima miguu miwili kwa nje, jumlisha, toa 100. Kilichobaki ndio namba yako ya kupunguza kwa kila mkunjo, iandike ukutani. Dakika kumi tu hizo.

Kama ukishapunguza bado haliji, angalia unene. Geji, zile namba za madukani za kutaja unene wa bati, ni mtihani, maana geji 16 ya Kiingereza ni milimita 1.63, ya Kimarekani kwa chuma ni kama 1.5, na ya Kimarekani kwa alumini ni 1.29, sasa wewe ukisema tu "nipe geji 16" kila mtu anakuelewa kivyake. Mimi niliwahi kuuziwa geji 16 ambayo venia, kile kipimo cha kubana kinachosoma unene, ikasoma 1.2 na muuzaji bado akaapa. Nenda na venia dukani, ongea milimita. Kama huna venia tumia mizani: shiti ya futi 4 kwa 8 ya chuma cha milimita 1.5 ina kilo kama 35, ya 1.2 ina kama 28. Kilo saba hazijifichi.

Na kama kipande kimetoka *kidogo*, uliza kama ulipiga mifereji, ile mistari inayosukumwa kwenye bati ili kuliimarisha, baada ya kukata saizi ya mwisho. Mfereji unakula bati kutoka pembeni, unalivuta ndani. Piga mifereji kwanza, kisha ndio upime na kukata.

Halafu kuna katoni. Wote tunatengeneza patani, yaani kielelezo cha kukatia bati, kwa katoni na ni njia nzuri sana, ila katoni laini ni mnafiki, ukiisukuma inajikunja kidogo ikakuambia imeingia, bati halina adabu hiyo. Tumia katoni ngumu, na pale panapobana kata, gundisha vipande, usisukume. Pia patani ya mgongo wa gia boksi usiichukue wakati injini imeegeshwa kwenye matofali au kwenye mauntingi (raba za kushikilia injini) zilizochoka. Injini ikivuta inajitikisa kwa pembeni, acha nafasi ya vidole viwili kila upande la sivyo utasikia mlio mpaka uchukie gari.

"Mkunjo haukai digrii 90"

Ukikunja ikafika 90 halafu ukiachia inarudi 88, hiyo ni tabia ya chuma, kinakumbuka kilikotoka. Chuma cha kawaida kinarudi digrii moja mbili, stenlesi na alumini ngumu zinarudi zaidi. Pitiliza kidogo, basi. Ili upate nafasi ya kupitiliza, saga uso wa engo laini uiname kidogo kwenda ndani.

Ila kama mkunjo ni 90 pembeni na katikati umelegea kama tumbo, hapo ni engo laini yako inapinda. Jiliwa linabana sehemu moja tu, kipande cha mita moja kitafanya kinavyotaka. Chomelea skwea paipu mgongoni mwa engo laini, weka klempu kila mwisho, na unapogonga usianze upande mmoja ukamaliza kabla ya kwenda mwingine. Tembea nao, digrii kumi mstari mzima, tena kumi mstari mzima, ukiwa na kipande cha ubao kati ya nyundo na bati. Nyundo ya chuma moja kwa moja juu ya bati inaacha makovu na kulivuta, na ukishalivuta umejitengenezea tatizo jingine ambalo nalieleza huko chini.

"Mkunjo umepasuka"

Karibu kila mara ni alumini, na karibu kila mara ni alumini isiyo ya kukunjwa. Ile aina ya alumini inayoitwa 6061-T6 watu wanaisifia kwa nguvu, ni kweli ina nguvu, ila ukitaka kuikunja kona kali inakatika kama biskuti. Kwa bodi tafuta 5052-H32 au 3003. Shida ni kwamba bati la mtumba halina jina, umelitoa kwenye bodi ya lori au kwenye bango la matangazo, sasa utajuaje? Kata ukanda mwembamba, ukunje kwenye jiliwa, ukipasuka umeshajua na hujapoteza kipande kizima.

Sababu nyingine ni mstari wenyewe. Ukichora mstari wa kukunjia kwa msumari umechimba mfereji, na ufa unapenda mfereji. Chora kwa maka peni, msumari uache kwa mistari ya kukata. Na lingine watu hawaliangalii: bati lina uelekeo, ukilitazama kwa jua la pembeni utaona vimistari vilivyoachwa na rola kiwandani. Kunja kwa kukatisha vimistari hivyo, sio kwa kwenda navyo sambamba.

Kama huna alumini nyingine ila hiyo ngumu, ilegeze kwa moto. Paka sabuni ya mche kwenye mstari, pitisha moto wa gesi taratibu bila kusimama, sabuni ikigeuka kahawia inayoelekea kwenye nyeusi, ondoa moto. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo bila sabuni utakuwa unaangalia bati ni bati halafu ghafla ni uji chini. Ila sehemu uliyoilegeza imepoteza nguvu, isibebe mzigo.

Kama kimechanika pale mikunjo miwili inapokutana kwenye kona ya boksi, hukutoboa. Toboa tundu la milimita 3 au 4 pale mistari inapokatana kabla ya kukunja. Limeisha hilo.

"Bati linadunda dum-dum"

Hapa tukae kidogo maana watu wanalitibu vibaya. Una paneli kubwa bapa, sakafu au mlango, ukiibonyeza inaingia "dum", ukiachia inatoka "dum", ukiendesha unakuwa na ngoma ya kitchen party humo ndani. Mtu anachukua nyundo anapiga lile vimbe. Vimbe linaongezeka. Anapiga tena.

Kwanza legeza bolti zote za hiyo paneli ukiwa hujaitoa. Mlio ukiisha, paneli haina kosa, ni fremu yako haijanyooka na ulipokaza ukailazimisha paneli ipinde. Weka shimu, vipande vya raba au washa, pale penye mwanya, ukaze upya. Hii peke yake ilitibu sakafu yangu ya upande wa abiria, na nilikuwa nimeshanunua bati jipya.

Mlio usipoisha, itoe, ilaze mezani. Kama inadunda hata mezani basi ama katikati kuna bati lililozidi kwa sababu liligongwa likavutika, ama kingo zimefupika kwa sababu zilichomelewa. Utazitofautisha kwa historia yake: wewe ndio unajua uliigonga au uliichomelea.

Iliyovutika inafupishwa kwa moto, kama ni chuma. Tafuta kilele cha vimbe, choma doa dogo la ukubwa wa sarafu mpaka liwe jekundu, gonga taratibu *kuzunguka* doa kwa nyundo bapa huku nyuma umeweka chuma cha kuegemea, halafu weka kitambaa kibichi. Chuma kilichochomwa kinataka kutanuka, kilicho baridi kinakizuia, kikipoa kinabaki kifupi. Doa moja, subiri, angalia, ndio doa la pili. Alumini usiijaribie.

Kama haikuvutika wala haikuchomelewa ila inadunda tu, ni kwamba ni bapa na kubwa, na kitu bapa na kikubwa lazima kidunde. Angalia pipa la mafuta lilivyo na migongo, angalia bati la nyumba, angalia masanduku ya wanafunzi wanayogonga mafundi wa Kamukunji pale Nairobi, hakuna aliye na akili timamu anaacha bati bapa. Kunja msalaba mdogo wa kona kwa kona, hata kina cha milimita 2 kinatosha, au piga mifereji. Mimi sina mashine ya mifereji, nimechomelea pleti mbili sambamba zikiwa na mwanya, bati juu yake, nondo laini ya milimita 10 juu ya bati, halafu jeki ya gari inasukuma nondo ndani ya mwanya chini ya fremu nzito. Mfereji uishe kabla ya kufika ukingoni. Na kingo zikunje pindo la milimita 10 kama mshonaji anavyokunja shati, bati linakuwa gumu na halikukati mkono.

"Nikichomelea linatoboka, au linapinda kama chapati"

Kutoboka ni moto mwingi kwa bati jembamba, sawa, ila kabla hujapunguza ampea angalia mwanya. Vipande viwili vyenye mwanya wa milimita moja kati yao vitatoboka kwa ampea yoyote ile, maana hakuna cha kuchomelea hapo, ni hewa. Kosa ni la kukata, sio la kuchomelea. Rudi kwenye tupa, kingo zikutane.

Zikishakutana, kwa chuma cha 1.5 tumia kijiti cha milimita 2, ile 6013, ampea 40 mpaka 60. Kama invata yako inatoa umeme wa DC, hamisha waya wa kishikio uende kwenye hasi, bati litapokea moto mdogo kidogo. Nyuma ya mshono bana kipande cha shaba nyekundu, mimi nilipondaponda bomba la friji bovu likawa ubapa, shaba inakunywa joto na chuma hakigandi nayo. Chini ya milimita 1.2 mimi kwa kijiti sijisumbui tena, napiga ripiti (vipini vya kubana mabati bila moto) au nampelekea mwenye mashine ya migi yenye waya wa 0.6.

Kupinda sasa. Mshono ukipoa unafupika. Hilo ndilo lote, na ukilielewa hilo utaacha kuchomelea kutoka mwanzo hadi mwisho kama unashona gunia. Shikiza kwanza kila baada ya sentimita 5 kuanzia katikati kwenda nje, halafu chomelea sentimita moja hapa, ruka ukachomelee upande mwingine sentimita moja, pumzika. Mpaka uweze kulishika kwa mgongo wa mkono, ndio unaendelea. Ukinywa chai katikati hujapoteza muda. Usimwagie maji.

Na kama limeshapinda? Lile vimbe unaloliona kando ya mshono halina kosa, mkosaji ni mshono uliofupika, umelivuta bati. Kwa hiyo usigonge vimbe, utalivuta nalo uje ubaki na matatizo mawili. Saga mshono usawa, weka chuma cha kuegemea nyuma, *gonga mshono wenyewe* urefuke tena, kidogo kidogo, na utaliona vimbe linalala lenyewe. Mara ya kwanza nilivyoona hivi nilicheka peke yangu gereji.

Mshono wenye vitundu-vitundu kama maandazi: uchafu. Rangi, mafuta, kutu, vijiti vilivyonyonya unyevu, au zinki. Bati la zinki lisage mpaka chuma cheupe sentimita mbili kila upande, pande zote mbili za bati. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa usiku huo huo, baridi na kutetemeka unaweza kudhani malaria, na maziwa ambayo kila fundi atakuambia unywe hayaendi kwenye mapafu. Milango wazi, upepo mgongoni, kichwa nje ya moshi. Kusafisha mafuta usitumie ile spirei ya breki yenye klorini halafu uchomelee, ile ikipata joto inatoa fosijeni, gesi ya sumu kali.

Na kwa kuwa wengi tunapata bati kwa kupasua mapipa ya lita 200, na kwa kweli ni bati zuri, ukilifungua unapata kama mita 1.8 kwa sentimita 85: pipa "tupu" la petroli au thina ni bomu kuliko lililojaa, maana kilichobaki ni mvuke. Usiliguse kwa grenda wala gesi. Lioshe, lijaze maji, na mfuniko ukate kwa tindo na nyundo kama wazee wanavyofanya.

Grenda pia. Diski ya milimita 115, yaani inchi nne na nusu, imeandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 230 ni 6,650 hivi. Kuna watu wanatoa kinga ili waingize diski kubwa kwenye grenda ndogo ipate kukata ndani zaidi, yaani wanaizungusha kwa kasi kupita sana ile iliyotengenezewa, usawa wa tumbo. Mimi nikikuta hivyo gereji naenda kusimama nje.

"Tundu la drili limetoka pembetatu"

Biti ya kawaida kwenye bati jembamba inatoboka nyuma kabla kingo hazijakaa. Bana bati kati ya mbao mbili, au nunua ile biti ya ngazi. Na libane kweli, bati linalozunguka na drili ni panga.

"Ripiti zimelegea"

Ripiti ya milimita 4.8 inataka tundu la 4.9. Ukitoboa 5.5 kwa sababu ndio biti uliyonayo, italegea tu, hata ukinunua za gharama. Angalia pia kama ulitoa vile vinyweleo vya chuma kati ya mabati mawili baada ya kutoboa, vikibaki, bati halikukutana na bati, ripiti imebana hewa, na baada ya safari moja vinyweleo vinasagika, panabaki mwanya. Umbali kutoka ukingoni uwe mara mbili ya kipenyo, yaani kama sentimita moja. Tundu likishakuwa yai, usirudishie ripiti ya saizi ile ile, panda kwenye 6.4 na uweke washa nyuma.

"Nimerudi safari, kuna nyufa"

Nyufa zangu zilitokea kwenye sakafu, nyuma ya kiti cha dereva, ufa wa sentimita 12 unaoanzia kwenye tundu la bolti. Nikauchomelea. Safari iliyofuata ukaja mwingine pembeni ya mshono wangu, mrefu zaidi.

Ufa ukirudi pembeni ya mshono, bati limekuambia kwamba shida haipo kwake. Chesesi ya ngazi, ile ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa na vya kukatisha, inajisokota, gurudumu moja likipanda jiwe mbele na jingine likining'inia nyuma unaweza kuiona kwa macho. Bodi ukiifunga kwa bolti chuma kwa chuma, chesesi ikijisokota bodi nayo lazima ijisokote, na bati la 1.5 likisokotwa mara elfu linakatika pale lilipo dhaifu. Niliweka raba nene kila bolti, nilizikata kwenye tairi la lori, juu na chini ya mguu wa bodi, bolti ikakazwa na nati ya kujifunga bila kuziponda raba. Hazijarudi nyufa pale.

Kama bodi yako ina raba na bado inapasuka, tafuta mzigo. Nini kimening'inia kwenye bati hilo? Lita 20 za petroli ni kama kilo 15, bado dumu lenyewe, na kwenye ile barabara yenye mawimbi kama bati la migongo linagonga kama nyundo kila sekunde. Betri, dumu, tairi la akiba, vyote viende kwenye fremu, bati lifunike tu. Viti na mikanda ndio kabisa. Hata magari ya mashindano, sheria za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka pale bolti ya mkanda inaposhika kwenye bodi kuwe na pleti ya chuma ya unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita 40 za mraba. Bolti na washa peke yake vitachomoka na wewe.

Kutibu ufa wenyewe: kwanza jua umeishia wapi, maana unaenda mbele kuliko macho yanavyoona. Paka mafuta ya taa, subiri, futa pakauke, pakaza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Toboa tundu la milimita 3 mwisho kabisa wa mstari huo, ndio uchomelee, na kama ni kiraka kiwe na kona za mviringo. Kiraka cha mraba kinazalisha nyufa nne, moja kila kona.

"Alumini inatoa unga mweupe" na habari za kutu

Waulize wenye Land Rover za zamani. Gari ile ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bodi wakaifanya kwa alumini inayoitwa Birmabright na chesesi ikabaki chuma, ndio maana mpaka leo unakuta bodi ina umri wa babu na haina kutu, isipokuwa pale ilipogusana na chuma, pale pana unga mweupe na bati linamomonyoka. Metali mbili tofauti na unyevu, hiyo ni betri, na alumini ndio inayoliwa. Hapa Arusha inachukua miaka, Tanga au Mombasa chumvi inaharakisha. Paka praima pande zote mbili, weka ukanda wa raba au mastiki kati yao, bolti iingie na mastiki.

Kutu inayotoka kwenye mshono wa mabati yaliyolaliana: hukupaka praima *katikati* kabla ya kuunganisha, na hukuacha tundu la kutolea maji mahali pa chini kabisa. Puti juu ya hapo haisaidii, inanyonya maji na kuyatunza.

"Miguu inaungua, na vumbi linaingia"

Joto ni rahisi. Usiongeze unene wa bati, ongeza hewa. Kipande cha alumini nyembamba kikae kati ya eksozi na sakafu, kikiachana na sakafu kwa milimita 10 hadi 15 kwa vibomba vidogo kwenye bolti. Sampugadi, ile kinga ya bati chini ya injini, nayo ikizibwa kabisa inafuga joto na matope, itoboe matundu ya kutosha.

Vumbi lilinisumbua kuliko joto. Niliziba sakafu yote, nikaziba mbele, bado nilikuwa nashuka na nyusi nyeupe. Kumbe gari likienda, nyuma yake hewa inakuwa nyepesi, inavuta vumbi liingie kutokea nyuma, halafu kila kitundu cha ndani kinalisambaza. Kwa hiyo anza kutafuta nyuma, sio mbele. Njia niliyotumia: usiku, taa ya gereji ya nguvu ndani ya gari, milango imefungwa, taa za nje zote zimezimwa, mimi chini ya gari nimelala na chaki. Kila kinachong'aa nakizungushia duara. Nilihesabu 17, vingi kwenye maungio ya madigadi ya nyuma ambayo nilikuwa najivunia kweli, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa tundu la waya wa taa za nyuma nililotoboa mwenyewe kwa biti ya milimita 12 na kupitisha waya wa milimita 4. Limezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.